Mwongozo Kamili kwa Diwani: Namna ya Kusimamia Maamuzi na Huduma za Baraza Unguja na Pemba

Diwani akishaapishwa hakabidhiwi gari ya taka wala funguo za marikiti. Anachopata ni kiti kikaoni na haki ya kuuliza. Ukiitumia haki hiyo kwa maneno matupu, utajibiwa kwa maneno matupu, na mtaro wa wadi yako utajaa mchanga vile vile. Mwongozo huu ni wa madiwani, wapya hasa, lakini mwananchi anayetaka kujua amdai diwani wake nini naye atapata pa kushika.

Ujue kwanza nani anajibu nini

Mabaraza yetu yanasimama juu ya Sheria ya Serikali za Mitaa Na. 7 ya 2014: Manispaa, Mabaraza ya Miji na Halmashauri za Wilaya. Sheria Na. 8 ya mwaka huo huo, ya Tawala za Mikoa, inamhusu Mkuu wa Mkoa, Mkuu wa Wilaya na Sheha. Zisome zote mbili. Ugomvi mwingi wa diwani na sheha unaanza pale kila mmoja aliposoma ya kwake tu. Diwani amechaguliwa na watu wa wadi; sheha ameteuliwa, na mkubwa wake ni Mkuu wa Wilaya. Diwani hamwamrishi sheha, na sheha hapeleki ripoti kwa diwani. Wadi ina shehia kadhaa, kwa hiyo utafanya kazi na masheha zaidi ya mmoja, kila mmoja na tabia yake.

Ndani ya Baraza mpaka ni huu: madiwani wanaamua na kusimamia, Mkurugenzi na watendaji wake wanatekeleza. Diwani anayemwambia dereva aelekeze gari kwenye mtaa fulani amejitia kwenye utendaji, na kesho hawezi kuuliza kwa nini mtaa mwengine umeachwa. Vivyo hivyo kwa diwani anayempendekeza fundi. Akishampendekeza, ukaguzi wake wa kazi ya fundi huyo hauna uzito tena.

Halafu utenge ya Baraza na yasiyo ya Baraza. Taka, masoko, mitaro na njia za ndani, leseni za biashara, maegesho, machinjio na usafi wa mji kwa kawaida ni mambo ya kumuuliza Mkurugenzi. Maji yana mamlaka yake, ZAWA, na umeme una shirika lake, ZECO. Hayo unayaandikia barua, kikao cha Baraza hakina mkono nayo. Sehemu ngumu ni elimu ya skuli za msingi, afya ya msingi na kilimo. Ugatuzi ulipoanza mwaka 2017 kazi hizo zilishushwa kwenye serikali za mitaa, na tangu hapo mipaka imekuwa ikiguswa. Usibahatishe. Katika kikao chako cha mwanzo muombe Mkurugenzi orodha ya maandishi ya huduma zote ambazo Baraza linazibeba mwaka huu wa fedha, na kila moja afisa anayehusika nayo. Orodha hiyo utaifungua kila mwezi.

Karatasi za kuomba kabla ya kuuliza chochote

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na kumalizika Juni 30, na nyaraka zote zinafuata mzunguko huo. Andika barua moja kwa Mkurugenzi, nakala kwa Meya au Mwenyekiti, uombe:

1. Bajeti iliyopitishwa, yenye vifungu vyote. Muhtasari wa kurasa mbili haukutoshi.
2. Mpango wa ununuzi wa mwaka.
3. Ripoti za mapato na matumizi za robo mwaka, angalau nne za nyuma.
4. Orodha ya mikataba inayoendelea: mkandarasi, bei, tarehe ya kuanza na kumaliza, kiasi kilicholipwa.
5. Ripoti za mkaguzi wa ndani, na hoja za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zinazolihusu Baraza lenu pamoja na majibu yaliyopelekwa.
6. Mihutasari ya vikao na kamati ya miezi 12 iliyopita.
7. Kanuni za kudumu za Baraza.

Chapisha nakala mbili. Moja inabaki masjala, nyengine inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na unarudi nayo nyumbani. Barua isiyo na muhuri itakuwa "haijaonekana". Ukiambiwa njoo wiki ijayo, andika barua fupi ya pili inayoitaja tarehe ya ile ya kwanza. Kwa kawaida ya pili ndiyo hufungua kabati.

Kanuni za kudumu ndizo zinazosahauliwa, na ndizo zinazosema suala linaletwa siku ngapi kabla ya kikao, hoja binafsi inahitaji nini, na nani anaweza kuitisha kikao maalumu. Mwenyekiti akikwambia "hilo haliruhusiwi", muulize kwa adabu ni kanuni ya ngapi.

Chagua mambo matatu

Diwani anayefuatilia kila kitu hamalizi kitu. Kwa mwaka mmoja chagua chanzo kimoja cha mapato, huduma moja ya kila siku na mradi mmoja wa ujenzi. Kwa wadi nyingi za mjini itakuwa soko, taka na mtaro, na ndiyo mifano tutakayoifuata hapa. Wadi ya Micheweni au Makunduchi inaweza kuwa na diko na njia ya ndani. Njia ya kazi haibadiliki.

Kuisoma ripoti ya robo mwaka

Angalia safu tatu tu: makadirio ya mwaka, makadirio ya mpaka robo hii, na kilichotokea kweli. Tuseme fungu la mitaro lina Sh 80,000,000 kwa mwaka. Mwisho wa Disemba, nusu ya mwaka imepita, zimetumika Sh 9,000,000, yaani asilimia 11. Chini yake fungu la posho na safari lilikuwa na Sh 30,000,000 na zimeshatumika Sh 24,000,000, asilimia 80. Hapo suala limejiandika lenyewe: fedha zilizoingia zilikuwa chache kwa wote, nani aliamua zianzie wapi?

Iko mitego ambayo hurudi kila mwaka. Asilimia inaweza kupigwa juu ya "fedha zilizopokelewa" badala ya bajeti, ukaona asilimia 98 na kazi haipo. Makadirio ya mapato yanaweza kushushwa katikati ya mwaka ili lengo lifikiwe. Ndiyo maana bajeti ya asili unakaa nayo wewe. Na fungu la "matumizi mengineyo" likizidi mafungu yenye majina, omba lifunguliwe mstari kwa mstari.

Soko: hesabu ya kufanya kwa miguu

Mapato ya soko hayahitaji mkaguzi wa hesabu kuyajua kwa makisio. Nenda siku ya kazi asubuhi, saa tatu hivi, uhesabu meza zinazofanya biashara. Rudi siku nyengine ya wiki, na Ijumaa pia, kwa sababu Ijumaa mchana soko ni soko jengine. Chukua wastani.

Tuseme meza ni 180 na ushuru ni Sh 500 kwa siku. Hiyo ni Sh 90,000 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi, Sh 2,340,000. Kata moja ya tano kwa meza zinazolala na wasiolipa, unabaki na Sh 1,872,000. Sasa omba jumla iliyoingia benki mwezi huo. Ikiwa ni Sh 1,150,000, kuna Sh 722,000 za kuelezewa. Usimwite mtu mwizi. Omba maelezo.

Fedha za soko huvujia mahali panapojulikana. Daftari la wapangaji halijasahihishwa na meza zilizoongezwa ukingoni hazimo. Risiti za mkono zinakatwa kwa baadhi ya watu, wengine wanaambiwa "ntakuletea". Fedha taslimu inalala kwa mkusanyaji siku mbili tatu kabla ya kupelekwa. Dawa ya haraka ni kulipa kwa namba ya malipo ya ZanMalipo, mfumo wa malipo wa Serikali, kwa wiki au kwa mwezi, pasiwe na fedha inayoshikwa mkononi. Pale ambapo bado inashikwa, linganisha vitu vitatu: namba za mwanzo na mwisho za vitabu vya risiti, jumla ya kila siku, na karatasi ya benki. Namba zikiruka, uliza kitabu kilichokosekana kiko kwa nani.

Waulize na wenye meza wenyewe. Muuza ndizi atakwambia analipa shilingi ngapi na kwa nani bila ya kuzunguka, ilimradi usimuulize mbele ya mkusanyaji.

Taka: siku tatu mbele ya kontena

Chagua makontena mawili au matatu ya wadi. Kwa siku tatu mfululizo piga picha asubuhi mapema na magharibi, simu ikiwa imewashwa tarehe. Andika gari imekuja saa ngapi, imechukua yote au nusu. Usifanye wiki ya kawaida peke yake: Ramadhani, maganda ya madafu na matunda hujaza kontena haraka, na siku za Idd hali ni hiyo hiyo. Baraza lenye ratiba moja ya mwaka mzima limeshajua kwamba litashindwa mwezi huo.

Kisha omba daftari la safari la gari hiyo kwa siku zile zile. Upande wa Unguja taka za mjini zinakwenda jaa la Kibele, Wilaya ya Kati, na gari inayofika huko inatakiwa iache alama kwenye kumbukumbu za getini. Linganisha idadi ya safari zilizoandikwa na dereva, zilizoandikwa jaani, na mafuta yaliyotolewa. Tofauti ndogo ni ya kawaida. Ikiwa mafuta ni ya safari mbili kila siku na jaani imeonekana moja, uliza ya pili ilimwaga wapi. Mara nyengine jawabu lipo kwenye shimo la mchanga la jirani, na hilo ni tatizo jengine kabisa.

Kabla ya kulaumu, tazama na hili: gari zilizopo ni ngapi, zinazotembea ngapi, na iliyolala gereji imelala tangu lini ikisubiri kipuri gani. Mara nyingi gari ipo na dereva yupo, kinachokosekana ni mpira wa tairi ulioombwa miezi mitatu nyuma. Suala la kipuri linajibika ndani ya kikao kimoja. Suala la "taka zimezidi" halijibiki kabisa.

Mtaro: uende kabla zege halijamwagwa

Hapa ndipo fedha nyingi zinapozikwa, na zikishazikwa hazionekani. Vifaa vya diwani ni vichache: nakala ya mchoro, ile karatasi ya vipimo na bei ambayo mafundi wote wanaiita BOQ, futi ya kupimia ya mita 5 na nyengine ya mita 30, mzani mdogo wa dukani, na simu. Nenda na mhandisi wa Baraza. Mpe habari sheha, ili mtu asiseme umevamia.

Pima urefu, upana wa ndani, kina na unene wa ukuta, kila mita 20, si pale fundi anapokuonyesha. Mtaro wa mita 100 uliopungua sentimita 10 za kina ni mtaro mwengine kabisa mvua za masika zikifika.

Nondo ndiyo ya kuangalia kwa karibu. Omba kipande cha mita moja kilichokatwa, ukipime uzito. Nondo ya kweli ya milimita 12 ina gramu 888 kwa mita. Ya milimita 10 ina gramu 617. Ya milimita 8 ina gramu 395. Ikiwa BOQ inasema 12 na mzani unasoma gramu 700, umeletewa nondo nyembamba iliyobandikwa jina la nene. Halafu hesabu. Ikiwa nafasi baina ya nondo ni milimita 200, ndani ya mita 10 zinatakiwa zionekane 51. Ukihesabu 34, wamezipanga kwa milimita 300, na kila nondo ya tatu imebaki kwenye karatasi tu.

Nondo isilale chini kwenye udongo wala isigusane na mbao za ukuta; lazima inyanyuliwe kwa vijiwe vya zege, ili zege liifunike pande zote. Visiwani kwetu hili halina mjadala, kwani chumvi ya hewa na ya maji hula chuma kilicho karibu na uso, na zege likapasuka kutoka ndani. Kwa sababu hiyo hiyo uliza mchanga umetoka wapi. Mchanga wa pwani usiooshwa una chumvi yake, na bei yake rahisi utailipa mara mbili.

Zege likishamwagwa linatakiwa limwagiwe maji kwa siku 7 kwa uchache. Pita siku ya nne mchana. Likiwa kavu jeupe, andika tarehe na piga picha.

Kwa Pemba kuna la ziada. BOQ nyengine hutayarishwa kwa bei za Unguja na kuongezwa usafiri, kisha saruji ikanunuliwa Chake Chake au Wete kwa bei ambayo usafiri umeshaingia ndani yake. Linganisha bei ya mfuko kwenye BOQ na bei ya duka la karibu na kazi, uone kama bahari imevukwa mara mbili.

Upande wa malipo, mkandarasi analipwa kwa hati inayoonyesha kazi iliyofanyika. Hati inayosema asilimia 70 wakati futi yako inasema nusu ni ya kuzuiliwa kabla ya kulipwa, kwa hiyo kamati iione mapema. Mikataba mingi pia huzuia sehemu ya fedha mpaka kipindi cha matazamio, yaani muda wa kungoja kasoro zijitokeze, kimalizike. Andika tarehe hiyo kwenye kalenda yako na uende kukagua mwezi mmoja kabla, ikiwezekana baada ya mvua kubwa. Fedha ikishaachiwa, nyufa ni mali ya Baraza.

Jengine la kutazama kwenye mpango wa ununuzi ni kazi moja iliyogawanywa vipande. Ukarabati wa soko uliogeuka kuwa mikataba minne, ya wiki moja, kwa mtu mmoja au kwa watu wa nyumba moja, mara nyingi umekatwa ili ukwepe zabuni ya wazi. Sheria ya Ununuzi na Uondoaji wa Mali za Umma Na. 11 ya 2016 ndiyo ya kumuuliza afisa ununuzi: kila kipande kilitumia njia gani, na kwa nini.

Kuuliza ili upate jawabu

Suala la kwanza: "Kwa nini mitaro ya wadi yangu haisafishwi?" Jawabu lake limeshaandikwa tangu zamani: Baraza linalifahamu tatizo hilo na linaendelea kulifanyia kazi kadiri fedha zitakavyopatikana.

Suala la pili: "Katika robo ya pili, fungu la usafishaji wa mitaro lilipokea shilingi ngapi, zimetumika ngapi, amelipwa nani, kwa mitaro ipi na ya urefu gani, na ni mitaro ipi itakayosafishwa kabla ya masika kuanza Machi?" Hili halina pa kukimbilia. Lina kipindi, fungu, kiasi, mtu, mahali na tarehe. Ukikosa kimojawapo, jawabu litapitia kwenye tundu hilo.

Lipeleke kwa maandishi ndani ya muda wa kanuni, na uwe na suala dogo la nyongeza mfukoni ambalo hukuliandika. Jawabu likiwa nusu, sema: "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba ibakie kwenye muhtasari kuwa sehemu ya tatu ya suala langu haijajibiwa." Sauti ya chini inatosha. Kisha muhtasari ukiletwa kuthibitishwa kikao kinachofuata, usome mstari kwa mstari. Neno "litafanyiwa kazi" libadilishwe kuwa nani atafanya nini na lini, kabla ya kupitishwa. Hapo ajenda ya yatokanayo na kikao kilichopita itakufanyia kazi yenyewe.

Lakini kazi nzito iko kwenye kamati. Kikao cha Baraza zima ni kirefu na kina wageni, na watu huchunga heshima zao. Kwenye kamati mtendaji anaweza kufungua faili mezani. Omba uwekwe kwenye kamati inayogusa mambo yako matatu, iwe ya fedha au ya ujenzi na mazingira. Ukiwa na ndugu au biashara inayohusika na ajenda, sema mapema na utoke nje. Zanzibar ni ndogo, na nani ni mtoto wa nani litajulikana kabla ya alasiri.

Weka daftari lenye safu tano: tarehe, suala, aliyejibu, alichoahidi, siku ya mwisho. Lipitie kila Jumatatu.

Mlango ukifungwa

Panda ngazi moja moja. Anza na barua kwa Mkurugenzi, kisha Mwenyekiti au Meya, kisha hoja binafsi ya kutaka azimio la Baraza au kamati ndogo ya uchunguzi yenye hadidu za rejea, yaani mipaka ya kazi yake, na siku za kumaliza, tuseme 21. Hapo ukikwama, Ofisi ya Rais inayoshughulikia Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa ndiyo yenye dhamana ya mabaraza. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu anaweza kupelekewa taarifa ili aliingize eneo hilo kwenye ukaguzi wake, na ripoti zake hufika Baraza la Wawakilishi, ambako kamati ya hesabu humhoji mtendaji kwa lugha nyengine.

Harufu ya rushwa inapelekwa ZAECA, mamlaka ya kuzuia rushwa ya Zanzibar, na hapo uache kuuliza uliza mitaani, kwani mashahidi watatawanyika na karatasi zitahama. Peleka maelezo ya ukurasa mmoja yaliyopangwa kwa tarehe, nakala za nyaraka, na picha zikiwa bado ndani ya simu iliyozipiga. Kwenda redioni kabla ya hatua hizi kunampa mtendaji nafasi ya kusema hakupewa fursa ya kujibu, na mara nyingi atakuwa anasema kweli. Nakala zote, pamoja na zile barua zenye muhuri, ziwe na seti ya pili nje ya nyumba yako.